Sina uzoefu, niandike nini kwenye CV?

Swali

"Shikamoo dada. Nimemaliza shahada ya kwanza ya ununuzi na ugavi miezi saba iliyopita. Tangu hapo nimeomba kazi 43 na sijaitwa kwenye usaili hata mara moja. CV yangu ina kurasa nne. Nimekuambatanishia, pamoja na tangazo la kazi ya ofisa ugavi msaidizi ambayo nataka kuiomba. Tatizo langu ni kwamba sijawahi kuajiriwa, kwa hiyo sehemu ya uzoefu ni kama haipo. Rafiki yangu kanishauri niandike kwamba nimefanya kazi mwaka mmoja kwenye kampuni ya mjomba wake, anasema hakuna anayefuatilia. Nifanyeje?"

Jibu

Marahaba mdogo wangu. CV yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ninavyosoma nikiwa na maombi 200 mezani na nafasi moja tu ya kujaza. Mara ya pili niliisoma taratibu, kama mtu anayekutafuta wewe. Katika usomaji wa kwanza sikukuona. Katika usomaji wa pili nilikuona, tena vizuri. Shida ni kwamba mwajiri hafiki kwenye usomaji wa pili kama wa kwanza haujampa sababu.

Nikueleze nilichokiona kwa mpangilio. Juu kabisa kuna maneno CURRICULUM VITAE kwa herufi kubwa kuliko jina lako. Chini yake tarehe na mahali ulipozaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa. Halafu aya ya malengo inayosema unatafuta "nafasi yenye changamoto katika taasisi inayokua, itakayoniwezesha kukuza vipaji vyangu". Kisha shule, ukianzia ya msingi na kupanda darasa kwa darasa. Ukurasa wa kwanza ukaishia hapo, na bado nilikuwa sijajua umesomea nini. Shahada yako iko ukurasa wa pili.

Ukurasa wa tatu, katikati ya orodha ya semina na vyeti vya kuhudhuria, nikakuta mstari huu:

Mafunzo kwa vitendo, stoo ya dawa ya hospitali, wiki 8.

Basi, hakuna kingine. Kazi unayoiomba ni ya kupokea mizigo, kutunza kumbukumbu za stoo na kufuatilia oda. Umekaa wiki nane ndani ya stoo halisi, penye bidhaa ambazo zikiharibika au zikipungua mgonjwa anaumia, halafu umezifupisha kwa mstari mmoja na kuzizika kati ya semina. Hapo ndipo nilipojua kwamba uzoefu unao. Umeufunika mwenyewe kwa mikono yako.

Nadhani jina la hati yenyewe limewapotosha wengi. Curriculum vitae ni Kilatini, maana yake mwendo wa maisha, na mtu akilisikia anaanza kusimulia maisha yake tangu utotoni. Mwajiri hajauliza maisha yako. Ameweka tangazo lenye swali moja: nani anaweza kunifanyia kazi hii? CV ni jibu la swali hilo, na jibu zuri huanza na kile kilichoulizwa.

Mfano ninaoupenda kuwapa wahitimu ni wa Leonardo da Vinci. Yapata mwaka 1482, akiwa na umri wa miaka kama 30, aliandaa barua ya kumwomba kazi Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Rasimu yake ipo hadi leo. Sisi tunamjua Leonardo kama mchoraji, lakini barua ile haianzi na uchoraji. Inaanza na madaraja mepesi yanayobebeka, inakwenda kwenye namna ya kukausha maji ya mahandaki ya ngome, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa. Majengo ya wakati wa amani yanakuja karibu na mwisho, na sanamu na uchoraji mwisho kabisa. Sababu ni kwamba Sforza alikuwa mtawala mwenye maadui, na haja yake ya siku ile ilikuwa vita. Leonardo alipanga sifa zake kwa kufuata haja ya msomaji, wala hakufuata kile alichojivunia zaidi. Ndicho ninachokuomba ufanye.

Kuhusu kasi ya usomaji, pengine umesikia habari za sekunde sita. Zinatoka kwa kampuni ya Marekani ya TheLadders, ambayo mwaka 2012 ilifuatilia mienendo ya macho ya waajiri na kupata kuwa mchujo wa kwanza wa CV moja huchukua wastani wa sekunde 6. Waliporudia mwaka 2018 wakapata sekunde 7.4. Si kila ofisi inasoma hivyo, na mimi mwenyewe hukaa muda mrefu zaidi. Lakini ukweli wa msingi haubadiliki: jicho linapita juu ya ukurasa wa kwanza likitafuta vitu vichache. Jina. Umesomea nini. Umefanya nini kinachofanana na kazi hii. Visipoonekana hapo, vilivyoko ukurasa wa tatu havimsaidii mtu.

Sasa turudi stoo, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Juzi nilikuuliza kwa ujumbe: hizo wiki 8 ulikuwa unafanya nini? Ukanijibu, "Kazi ndogo ndogo tu, dada." Nikakubana. Ukasema kila asubuhi mlipokea mizigo, na wewe ndiye uliyekuwa ukilinganisha kilichokuja na kilichoandikwa kwenye oda. Ukasema mwisho wa mwezi mlihesabu mali yote, wewe na mtunza stoo, dawa za aina 340, na kuoanisha na kadi za stoo. Ukasema mlikuta makasha ya dawa zinazokaribia kuisha muda yamewekwa nyuma na mapya yakawekwa mbele, mkayapanga upya. Halafu, ukiwa kama unaona aibu kulitaja, ukasema ulitengeneza jedwali la Excel ambalo dawa ikibakiza miezi mitatu kuisha muda, mstari wake unageuka mwekundu. Na kwamba ulipoondoka, stoo iliendelea kulitumia.

Nilipokuambia uyaandike hayo, ukaniletea sentensi hii: "Nilihusika katika shughuli mbalimbali za usimamizi wa stoo." Itazame tena. "Nilihusika" haisemi ulifanya nini. Hata aliyeketi pembeni akitazama amehusika. "Shughuli mbalimbali" haitaji hata shughuli moja. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na yeyote aliyewahi kupita mlangoni pa stoo, na ndiyo maana haikusaidii. Mimi ningeandika hivi:

Mafunzo kwa vitendo, stoo ya dawa ya hospitali, wiki 8
Nilipokea mizigo ya kila siku na kuilinganisha na oda kabla ya kuingizwa stoo.
Nilihesabu dawa za aina 340 pamoja na mtunza stoo na kuoanisha hesabu na kadi za stoo.
Nilitengeneza jedwali la Excel linaloonyesha dawa zilizobakiza chini ya miezi 3 kuisha muda. Stoo iliendelea kulitumia baada ya mimi kuondoka.

Angalia kila mstari unavyoanza: nilipokea, nilihesabu, nilitengeneza. Ni vitenzi vya mtu aliyenyoosha mkono akafanya. Angalia pia maneno "pamoja na mtunza stoo". Nimeyaacha makusudi. Hukuhesabu peke yako, na ukisema ulihesabu peke yako, mtu wa stoo atakayekusaili atajua mara moja kwamba haiwezekani. Kukiri msaada hakujapunguza kitu, na kumeongeza kuaminika. Mstari wa mwisho ndio wa thamani kuliko yote, kwa sababu unaonyesha uliona tatizo, ukalitafutia dawa, na watu wenye kazi yao wakaona inafaa. Nina hakika ukiitwa kwenye usaili utaulizwa habari za jedwali hilo. Jiandae kulieleza.

Tarakimu zinasaidia kwa sababu zinampa msomaji ukubwa wa jambo: 340 si 12. Lakini usizitengeneze. Nimeona CV za wahitimu zimejaa "niliongeza ufanisi kwa asilimia 30", na ninapouliza ufanisi wa nini, ulipimwaje, kabla ulikuwa kiasi gani, mwombaji anatazama chini. Kama huna tarakimu, taja kitu chenyewe: hati gani, programu gani, kwa ajili ya nani, matokeo yakawa nini.

Kwa jicho hilo hilo, chimba kwingine. Tasnifu yako ya mwaka wa mwisho umeiandika kwa jina lake tu, jina refu la maneno ishirini na mbili. Ndani yake ulihoji watunza stoo, ukakusanya takwimu za ucheleweshaji wa oda, ukazichambua. Hiyo ni kazi, na inahusu ugavi moja kwa moja. Iandikie mistari miwili. Ulikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi; fedha kiasi gani zilipita mikononi mwako, na uliwasilisha hesabu kwa nani? Na kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba kila likizo ulikuwa unasimamia biashara ya mama yako na kuagiza bidhaa. Mdogo wangu, kujua bidhaa gani inaisha lini, kuagiza kabla haijaisha, kubembelezana na msambazaji aliyechelewa: ugavi ndio huo. Usiuonee haya kwa sababu haukuwa na barua ya ajira. Andika wazi kwamba ni biashara ya familia, taja miaka, taja ulichokuwa unafanya.

Mpangilio sasa. Jina lako liwe juu, kubwa, maneno "curriculum vitae" yaondoke. Chini yake namba ya simu, barua pepe na mji unaoishi. Halafu mistari miwili au mitatu ya utangulizi inayosema wewe ni nani na unaleta nini, badala ya ile aya ya malengo. Malengo yako mwajiri atayasikiliza mkishakutana. Kwa sasa anatafuta msaada. Kitu kama: "Mhitimu wa shahada ya ununuzi na ugavi mwenye uzoefu wa wiki 8 katika stoo ya dawa, anayeweza kuhesabu na kuoanisha mali na kutengeneza majedwali ya ufuatiliaji kwa Excel." Baada ya hapo elimu, kwa kuwa ndiyo kwanza umehitimu, ukianza na shahada na kurudi nyuma. Shule ya msingi iondoke. Sekondari ibaki kwa mstari mmoja. Kama alama zako za jumla ni nzuri, ziweke. Kama si nzuri na tangazo halijaziuliza, huna deni la kuziandika kwenye CV. Kisha uzoefu, kisha ujuzi, lugha, wadhamini. Kwa mtu wa kiwango chako ukurasa mmoja unatosha, na mambo yakizidi sana, kurasa mbili. Zile semina 14 chagua mbili zinazogusa ugavi, nyingine ziache ziende.

Taarifa za binafsi zinategemea unakoomba. Marekani na Uingereza waajiri hawatarajii picha, umri, dini wala hali ya ndoa, na wengi wangependa wasizione kabisa, kwa sababu hawataki kudhaniwa wamebagua. Ujerumani picha bado ni kawaida ingawa si lazima. Nchi za Umoja wa Ulaya zina muundo wa pamoja uitwao Europass, na ukiombwa kuutumia, utumie. Mahali pengine fomu ya maombi yenyewe hudai tarehe ya kuzaliwa. Kanuni yangu ni nyepesi: kilichoombwa kwenye tangazo kiweke, kisichoombwa kiache. Dini yako haipokei mizigo stoo.

Jambo linalofuata ndilo ninaloamini limekugharimu zaidi katika hayo maombi 43. Umetuma CV ile ile kila mahali. Nimejua kwa sababu jina la faili ni "CV yangu mpya ya mwisho 2", na ndani yake hakuna neno hata moja linalotoka kwenye tangazo ulilonitumia. Fanya hivi. Tengeneza CV mama, ndefu upendavyo, yenye kila kitu ulichowahi kufanya. Hiyo haitumwi kwa mtu, ni ghala lako. Tangazo likija, lichapishe au lifungue pembeni, pigia mstari kila kitenzi na kila kifaa kilichotajwa. Kwenye tangazo lako mimi nimepigia mstari kupokea bidhaa, kuhesabu mali, Excel, kufuatilia wasambazaji na kuandaa ripoti. Manne kati ya hayo matano unayo tayari, kwa ushahidi. Yatoe ghalani, yapandishe juu, na utumie maneno yale yale ya tangazo. Wakisema "kuhesabu mali", usiandike "uhakiki wa rasilimali" ili uonekane msomi.

Hilo la maneno lina sababu nyingine. Kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kupitia programu inayoisoma CV, kuipanga na kuitafuta kwa maneno kabla mtu hajaifungua. Programu hizo husumbuka na safuwima mbili, visanduku, picha, na michoro ya nyota tano za kuonyesha unajua Excel kiasi gani. CV yako ina nyota. Ziondoe, hata mimi binadamu sijui nyota nne za Excel ni nini. Andika unachoweza kufanya nayo. Kisha jipime: fungua CV yako, nakili maandishi yote, uyabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo. Kama yanasomeka kwa mpangilio, programu nayo itayasoma. Kama namba ya simu imeangukia katikati ya elimu, muundo wako una kasoro.

Kuna pia programu za akili bandia zinazoandika CV kwa dakika moja. Zitumie kukagua tahajia na sarufi ukitaka. Usiziachie zikuandikie wewe ni nani. Siku hizi nafungua CV kumi mfululizo zenye sentensi zile zile laini, na hakuna hata moja kati yake ingeweza kulijua lile jedwali lenye mistari myekundu, kwa kuwa aliyelijua ni wewe peke yako.

Sasa rafiki yako na kampuni ya mjomba. Hapana. Nakuomba sana, hapana. Si kweli kwamba hakuna anayefuatilia. Tunapiga simu, na simu moja ya dakika tatu inatosha: alikuwa akiripoti kwa nani, alikuwa akifanya nini Jumatatu asubuhi, kwa nini aliondoka. Hata tusipopiga, usaili unafichua. Nimewahi kukaa mbele ya kijana aliyeandika mwaka mzima wa kazi ambayo hakuifanya. Nilimwomba anieleze hatua za kupokea mzigo mmoja, kuanzia gari linapofika. Akanyamaza. Kilichoniuma ni kwamba nilipomuuliza habari za mafunzo yake kwa vitendo, akaeleza vizuri kabisa, kwa kina na kwa furaha. Kijana alikuwa anaifaa ile kazi. Lakini sikuweza tena kumkabidhi mtu huyo funguo za stoo, na kazi yako nawe ni ya funguo za stoo. Uongo wa CV pia hauishi siku ya kuajiriwa: ukigundulika baada ya mwaka, unaweza kufukuzwa hata kama kazi unaifanya vizuri.

Kuongeza chumvi nako ni vivyo hivyo. Umeandika Kifaransa "kwa ufasaha" kwa sababu ulikisoma mihula miwili. Andika "Kifaransa, kiwango cha awali". Kuna siku anayekusaili atakusalimia kwa Kifaransa.

Wadhamini: umeweka majina matatu, na uliponiambia kwamba mmoja wao hajui kama umemtaja, nilishtuka. Waombe ruhusa kwanza. Msimamizi wako wa stoo ndiye mdhamini bora kuliko wote ulio nao, na hayumo. Mpigie simu leo, mkumbushe jedwali, mtumie tangazo ili akiulizwa ajue azungumzie nini.

Madogo yaliyobaki: barua pepe yako ya jina la utani ibadilishe iwe ya jina lako. Faili litume kwa PDF isipokuwa wameomba aina nyingine, lenye jina lako na jina la kazi. Mpe mtu mwingine alisome kwa sauti kabla hujatuma, kwa maana umeandika "ununzi" mara mbili, na ndilo jina la taaluma yako.

Sitakuficha kwamba hata CV iliyonyooka haikuhakikishii kazi. Nafasi ni chache, na kuna watu wenye uzoefu wa miaka wanaoomba nafasi hizo hizo. Kazi ya CV ni kukufikisha kwenye kiti cha usaili. Lakini ningekuwa wewe, badala ya kutuma maombi mengine 43 kwa karatasi ile ile, ningetuma matano mwezi huu, kila moja likiwa limeshonwa kwa vipimo vya tangazo lake.

Tangazo lako linafungwa Ijumaa. Leo andika ile mistari mitatu ya stoo na miwili ya tasnifu, kesho uyapange mengine kuizunguka. Ukifikisha ukurasa mmoja, nitumie Jumatano jioni niusome kabla hujaupeleka.